Chupa ya Vifuniko

Mama yangu akiulizwa na majirani binti yake anafanya kazi gani, hujibu, "Nilimsomesha mpaka chuo kikuu, sasa anarusha maputo." Kisha hucheka peke yake, maana majirani hubaki hawajui kama wacheke au watoe pole.

Wala hajasema uongo. Kila Jumatano asubuhi mimi hurusha puto. Lakini puto lenyewe hunizidi kimo hata kabla halijapaa, na chini yake huning'inia boksi jeupe jepesi, mfano wa yale ya kuwekea samaki na barafu. Ndani ya boksi mna pampu ndogo ya kuenea kiganjani na vikombe viwili vya maji ya dawa. Pampu huvuta hewa kupitia mrija mwembamba na kuipuliza ndani ya maji hayo. Hewa ikiwa na ozoni, maji huzaa umeme kidogo. Ozoni nyingi, umeme mwingi. Ozoni haba, umeme haba. Redio iliyomo humo hututumia kipimo kila baada ya muda mfupi, na sisi tuliobaki chini hutazama kwenye skrini mstari ukijichora kutoka usawa wa bahari kwenda juu, mpaka puto linapopasuka huko mbinguni na boksi kurudi baharini kwa parachuti. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kuipima hewa ya juu ya bahari, ghorofa kwa ghorofa, bila kunyanyua mguu.

Kituo chetu ni nyumba fupi yenye vyumba vitatu, uwanja wa nyasi, na banda la mitungi ya gesi. Tulikuwa watu watatu. Mkuu wa Kituo alikuwa dada yake baba yangu. Nilipoanza kazi nilijaribu kumwita "Mkuu" mbele za watu, akanitazama juu ya miwani yake. "Mkuu ndiye nani? Mimi niliyekubeba mgongoni ukanikojolea?" Tangu siku hiyo nikamwita Shangazi, ofisini na nyumbani.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye nywele za mvi alizozikata karibu na kichwa. Alisoma fizikia zamani, katika darasa ambalo yeye peke yake ndiye aliyevaa sketi. Siku za kuandaa chombo hakujipaka manukato, hakumenya chungwa, wala hakuruhusu mtu aliyetoka kuvuta sigara apite mlangoni, kwa kuwa maji ya dawa huharibika kwa harufu tu. Mikono yake ilikuwa safi kiasi kwamba mimi, nikikaa mezani karibu naye, nilificha yangu.

Wa tatu alikuwa fundi wa gesi, tukimwita Kimya. Alipewa jina hilo kwa sababu hajawahi kunyamaza. Yeye naye alinibandika la kwangu: Spika. Mimi sauti yangu ni ndogo tangu utotoni. Mwalimu wa darasa la pili alidhani mimi ni bubu mpaka siku nilipoumwa na nyuki.

Na sauti, katika kituo chetu, ilikuwa sehemu ya kazi. Shangazi alikuwa ameweka desturi yake. Kabla puto halijaachiwa, aliyeandaa chombo husimama uwanjani na kuita kila kitu kwa jina, na wenzake humjibu. "Betri!" anaita, anajibiwa. "Redio!" anajibiwa. "Pampu!" anajibiwa. La mwisho ni "Kifuniko!" Hapo mwandaaji huchomoa kifuniko kidogo cha plastiki kinachoziba mdomo wa mrija, hukiinua juu wote wakione, na puto likishaondoka hukitia katika chupa pana ya kioo iliyokaa dirishani. Chupa ile ilikuwa imejaa vifuniko karibu na shingo. Kila kifuniko ni safari moja ya angani.

Desturi hiyo ilikuwa na chimbuko lake, na hakuna aliyefanya kazi pale asiyelijua. Shangazi alipokuwa na umri kama wangu, siku moja alirusha chombo wakati dhoruba kubwa imesimama baharini. Mstari ulipanda mwembamba, na ulipofika kama kilomita kumi na mbili, ozoni ikaisha kabisa. Kama vile mtu amefungua kabati akakuta tupu. Mstari ukapanda hivyo hivyo ukiwa kwenye sifuri, kisha puto likapasuka katika baridi, kabla halijafika kule juu ambako ozoni imejaa. Wataalamu waliokusanya vipimo vya vituo vingi walivitazama vyake, wakaandika maneno machache: yaelekea kifuniko cha mrija hakikuondolewa. Safari ile ikatupwa.

Shangazi alikuwa amekiondoa. Lakini kifuniko chenyewe alikwisha kukitupa, kama walivyofanya wote siku zile, na puto halikufika mahali ambapo chombo kingejitetea chenyewe.

"Sikuwalaumu," aliniambia. "Ningekuwa mimi ningeandika vilevile. Ila niliumia, mwanangu. Kuitwa mzembe kwa jambo ulilolifanya vizuri kuliko yote."

Tangu hapo akaanza kutunza vifuniko. Wengine waliwahi kuona sifuri kama hiyo juu ya bahari nyingine, naye alisoma habari zao kwa furaha na kwa kijicho kidogo. Lakini juu ya bahari yetu haikuonekana tena. Alingoja dhoruba ya namna ile isimame siku ya kurusha. Zilikuja siku nyingine, zikakuta puto limekwisha kwenda, au zikaondoka kabla hatujajaza gesi. Na sasa mwisho wa mwezi ule alikuwa anastaafu.

Jumatano ninayoisimulia, nilimkuta amesimama dirishani na kikombe cha chai kilichopoa.

"Umeyaona?" aliniuliza.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umeyaona?"

Nikatazama. Mbali baharini mawingu yalikuwa yamesimama kama ukuta, meusi chini, meupe juu, na vichwa vyake vimekatwa bapa kama vimepigwa pasi.

"Yalikuwa hivihivi," akasema.

"Mkuu," Kimya akaingilia kutoka mlangoni, "mawingu hufanana kama mapacha. Usije ukakumbatia mtoto wa mwenzako."

"Kimya."

"Naam."

"Puto liko wapi?"

"Lipo kwenye kabati la joto, limelala kama mtoto mchanga. Nimeligeuza, nimelifunika, limebaki kuimbiwa tu."

Lile kabati ndilo lililotubakishia matumaini. Mpira wa puto hukakamaa kwa baridi, na kwenye dari ya anga ya ukanda wetu wa joto, karibu na kilomita kumi na saba, kuna baridi ambayo hakuna mahali duniani panapoikaribia kwa siku za kawaida. Maputo mengi huishia hapo. Shangazi alikuwa analipasha joto puto tangu jana yake ili mpira ulainike uweze kutanuka. Lilikuwa la mwisho ghalani. Shehena mpya ilikuwa haijafika. Chombo nacho kilikuwa cha mwisho, na nilikiandaa mimi.

Kuandaa chombo ni kazi ninayoipenda kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa hufanywa kimya. Unajaza vikombe, unasikiliza pampu, unapima kasi yake kwa povu la sabuni linalopanda ndani ya bomba la kioo. Halafu unakipa chombo hewa iliyochujwa kwa mkaa, hewa isiyo na ozoni hata chembe, na bado chombo hukuambia kwamba kuna kitu kidogo. Shangazi aliuita uongo wa chombo. Kila kimoja kina wake. Mwandaaji huupima mapema ili baadaye autoe kwenye hesabu.

"Na mtu naye ni hivyo," aliniambia siku ya kwanza aliponifundisha. "Ujue uongo wako ni kiasi gani, uutoe kabla hujasema neno."

Kwa nini sifuri ile ilimshika moyo kiasi kile? Alinieleza tena asubuhi ile, tukingojea Kimya afungue mitungi. Juu ya bahari za joto, hewa ya chini ina ozoni kidogo mno. Jua kali na unyevu huila. Dhoruba kubwa inaposimama, hufanya kazi kama bomba la moshi. Huinyonya hewa ya chini na kuitema juu kabisa, kwenye dari. "Ukikuta juu hakuna ozoni," alisema, "ujue umekuta hewa ya baharini iliyopanda ghorofa bila kupitia ngazi. Basi chochote kinachotoka majini kinaweza kufika darini kwa njia hiyohiyo. Ni mlango, mwanangu. Nataka kujua kama mlango upo kwetu."

Akainywa ile chai baridi yote kwa mara moja.

Uwanjani upepo ulikuwa umeanza kucheza. Kimya alilishika puto shingoni kwa mikono miwili, nalo likimvuta huku na huku kama ng'ombe asiyetaka josho. Mimi nilivaa koti langu jeupe la maabara, lililoshonewa mtu mrefu aliyewahi kufanya kazi pale kabla yangu. Mikono yake nilikuwa naikunja mpaka ikawa minene kama bangili. Nililikumbatia boksi kifuani. Shangazi alibaki ndani kwenye mashine ya kupokea, dirisha wazi.

"Betri!" nikaita.

"Nani kanong'ona?" Kimya akauliza akitazama angani. "Spika, ongeza sauti, hili puto lina masikio ya mpira!"

"Betri!"

"Inawaka!"

"Redio!"

"Naisikia!" Shangazi akajibu kutoka dirishani.

"Pampu!"

"Inapumua!"

Nikapeleka vidole kwenye mdomo wa mrija. "Kifu..."

Upepo ukaja kwa ubavu. Puto likalala, likakaribia kugusa nyasi, likainuka ghafla. Boksi likanichomoka mkononi, nikaidaka kamba. "Linaniponyoka!" Kimya akapiga kelele. "Achia, Spika! Achia usikatike mikono!" Nikaachia. Puto likaondoka na kila kitu, likapita juu ya banda la gesi kwa upana wa unywele, likapanda.

Lilipendeza, siwezi kukataa. Kila mara hupendeza. Puto kubwa namna ile linapokuwa dogo mbele ya macho yako, dogo, mpaka unabaki kulitazama mahali ambapo hulioni tena.

Kisha nikatazama viganja vyangu. Kimoja kilikuwa na alama nyekundu ya kamba. Vyote viwili vilikuwa vitupu.

Nilipoingia ndani, Shangazi hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye skrini. Mstari ulikuwa umeanza kupanda ukigandamana na ukingo wa kushoto, yaani upande wa kidogo. Hilo halikumshtua, hewa yetu ya chini ndivyo ilivyo, na chombo kilichozibwa nacho huonyesha kidogo kama hicho kwa muda, kwa hewa iliyobaki ndani na uongo wake chenyewe. Siku nyingine mstari ukishapita mawingu ya chini huanza kuelekea kulia. Siku ile haukuelekea.

Nilisimama nyuma ya kiti chake, nikapekua mifuko ya koti. Nikapekua ya sketi. Nikavua viatu.

"Kilomita nane," Shangazi akasema polepole. "Tisa." Kisha sauti yake ikabadilika. "Tazama. Tazama, mwanangu, tazama."

Mstari ulikuwa unateleza kushoto zaidi. Kumi. Kumi na moja. Ulipofika kumi na mbili uligusa sifuri, ukakaa hapo.

Sijawahi kuuona uso wa mtu mzima ukiwa vile. Ulikuwa kama uso wa mtoto aliyeamshwa akaambiwa baba amerudi safari. Alinyoosha mkono bila kutazama, kuelekea dirishani. "Nipe chupa. Nataka kukiona cha leo. Kipo juu, sivyo?"



"Shangazi," nikasema.

"Mm."

"Hakipo."

Akageuka. Tulisikia Kimya anaingia akipiga mluzi. Alipotuona akaukata katikati.

"Kimeanguka uwanjani?" Shangazi akaniuliza.

"Sijui."

Kimya hakungoja. Alitoka mbio, na kupitia dirishani tukamwona akitambaa kwenye nyasi kwa miguu na mikono, mtu mzima mwenye wajukuu. Baada ya muda akapaza sauti: "Nimepata vifuniko vitatu vya soda na kifungo! Mrija wako haunywi soda?" Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe alitambua, akaendelea kutambaa.

"Ulikiondoa?" Shangazi akaniuliza. Hakuuliza kwa ukali. Ukali ungenisaidia.

Neno "ndiyo" lilikuwa limekaa tayari kwenye ulimi. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kunikanusha. Boksi lilikuwa juu ya mawingu na lingeishia baharini. Neno moja dogo, hata kwa sauti yangu, na yeye angekuwa amepata alichokingojea maisha yake yote ya kazi. Nilimtazama. Nilivikumbuka vikombe, mkaa, povu la sabuni.

"Sikumbuki," nikasema. "Nakumbuka kukigusa. Kukivuta sikumbuki."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kipimo anachokiamini, akavuta kibodi karibu. Chini ya kila safari kuna sehemu ya kuandika maelezo. Alianza kuandika, nami nikasoma juu ya bega lake: Kifuniko cha mrija hakijaonekana baada ya kurusha. Mwandaaji hakumbuki kukiondoa. Mkuu wa Kituo alikuwepo na hakuhakikisha.

Kimya alikuwa amerudi, magoti yamejaa majani. Alisoma naye.

"Mkuu, hapana. Subiri kwanza! Puto linaelekea juu bado. Likivuka baridi tukaona ozoni, si tutajua mrija ulikuwa wazi? Ya nini kujichongea?"

"Na lisipovuka?"

"Ndiyo maana nasema usiandike! Lisipovuka watasema yaleyale. Watakuzika nayo."

"Watasema," Shangazi akajibu, "na watakuwa na haki."

"Mkuu, umebakiwa na wiki mbili hapa!"

"Kimya, nisikilize. Tukingoja tuone ndipo tuandike, tutakuwa tumeandika tunachokipenda." Aligeuka kwangu. "Umeupima uongo wa chombo chako?"

"Nimeupima."

"Ni mkubwa?"

"Mdogo sana, Shangazi."

"Wangu ni mkubwa. Naitaka sifuri hii. Nimeitaka mpaka nikaiota. Huo ndio uongo wangu, na njia pekee ninayoijua ya kuutoa ni hii." Akabonyeza, maelezo yakahifadhiwa pamoja na saa yake. "Mficha uchi hazai. Haya, vuteni viti."

Tulivuta viti. Nilitaka kulia lakini niliona haya. Haikuwa zamu yangu ya kulia. Nilimtazama pembeni, mikono yake safi imelala mapajani, mgongo umenyooka. Nimesoma vitabu vingi kuhusu uaminifu wa kisayansi, na nimefanya mtihani wake nikapata alama nzuri. Sikuwa nimewahi kuuona umekaa kwenye kiti cha plastiki.

Kilomita kumi na nne. Mstari ulibaki umenata kwenye ukingo. Kumi na tano. Kando yake mstari mwingine, wa joto, ulizidi kushuka: hasi sitini, hasi sabini. Puto letu huko juu lilikuwa limekwisha kuvimba kuliko chumba tulichokaa, mpira wake umekuwa mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Likipasuka sasa, ingebaki sifuri isiyo na shahidi, na maelezo yale matatu chini yake milele.

Kimya alikuwa amenyamaza. Nataka kulisema hili, maana mwenyewe hukana: alinyamaza kabisa, akauma kidole gumba.

Kumi na sita. Hasi themanini.

Skrini ikasimama.

Namba zilizokuwa zikibadilika kila mara zikaganda. Shangazi hakusogea. Niliona tu kidole chake kimoja kikikunjika juu ya goti, polepole.

Namba zikarudi. Redio ilikuwa imekwama tu, kama mtu anayemeza mate. Kumi na sita na nusu. Bado linapanda. Kumi na saba. Mstari wa joto ukapunguza kushuka, ukasita, ukageuka, ukaanza kurudi. Lilikuwa limevuka dari.

"Bado," Shangazi akanong'ona. "Bado hatujajua kitu."

Kisha mstari wa ozoni ukatikisika. Kwanza nilidhani ni macho yangu. Ukatoka kwenye ukingo upana wa uzi, halafu upana wa kidole, halafu ukainuka na kwenda kulia kama mtu aliyekaa muda mrefu akakumbuka kwamba ana miguu. Kumi na tisa, ishirini, ukazidi kwenda. Ozoni ilimiminika ndani ya mrija ule, na mrija uliozibwa hauingizi kitu. Ulikuwa wazi. Ulikuwa wazi tangu uwanjani, na ile sifuri ya chini ilikuwa sifuri kweli.

"Inasoma!" nikapiga kelele.

Wote wawili waligeuka kunitazama. Nilijiziba mdomo.

"Haleluya, bubu kasema!" Kimya akaruka, na maneno yote aliyoyameza yakamtoka kwa mkupuo: kwamba yeye alijua, kwamba puto lile alilifunika kwa blanketi lake mwenyewe, kwamba kifuniko gani bwana, vifuniko ni vya masufuria. Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa, akaivua tena. Akaukazia macho mstari mpaka puto lilipopasuka mbali kabisa huko juu, na mstari ukakatika.

Ndipo akavuta kibodi, akaongeza: Juu ya kilomita kumi na saba chombo kimesoma ozoni kama ipasavyo. Mrija ulikuwa wazi.

"Tuyafute yale ya kwanza?" nikauliza.

"Ya nini? Yote ni kweli."

Akatoka nje peke yake, akasimama kwenye nyasi akiyatazama mawingu yake, ambayo sasa yalikuwa yanaanza kubomoka. Nilimfuata kwa macho tu. Nilipenda awe nayo peke yake kidogo.

Kifuniko hatukukipata. Kimya aliwaza usiku kucha, asubuhi akasema kimebebwa na kunguru. Mimi niliacha kukifikiri mpaka Jumamosi, nilipokuwa nimejilaza chumbani nikasikia mama anaita kutoka uani.

"Wewe mtoto! Njoo uone kilichojificha kwenye koti lako kama kupe!"

Alikuwa anafua. Alipoukunjua mkono wa kulia wa koti ili ausugue, kitu cheupe kidogo kilidondoka ndani ya beseni. Nilisimama nikakitazama kikielea kwenye povu. Kumbe nilikivuta, upepo ulipokuja kikaponyoka vidoleni na kuzama kwenye zile kunjo zangu, na mimi nikapekua kila mfuko isipokuwa mkono wenyewe.

Nilimsimulia mama kisa chote. Alisikiliza bila kukatiza, jambo la ajabu, kisha akakifuta kile kifuniko na kukifunga kwenye ncha ya khanga.

"Hiki nakipeleka mwenyewe," akasema. "Wifi yangu hajawahi kunionyesha hiyo kazi yenu. Nimechoka kucheka nisichokijua."

Alikuja siku ya mwisho ya Shangazi. Aliingia akikagua vumbi kwenye madirisha, kama kawaida yake, akakuta habari za kifuniko zimemtangulia, maana Kimya alikwisha kuzitangaza.

"Haya wifi," mama akasema akifungua fundo, "mali yako iliyokuwa inaoga kwangu."

Shangazi alikichukua, akakitazama pande zote. Kisha akamshika mama mkono, akamkalisha mbele ya skrini, akamwonyesha mstari. Mama aliweka kidole kwenye lile eneo la ukingoni.

"Na hapa pana nini?"

"Hapo hapana kitu."

"Hapana kitu kabisa?"

"Kabisa."

"Na ndicho ulichokuwa unakitafuta tangu ujana wako?"

"Ndicho."

Mama aliutazama mstari, akamtazama wifi yake. "Nimeona watu wengi wametafuta kitu wakakosa. Wewe peke yako ndiye umetafuta patupu ukapapata." Shangazi alicheka mpaka akashika meza, na mama, aliyezoea kucheka peke yake, safari hii alicheka na mwenziwe. Kisha akasema taratibu, kwa sauti ambayo sijaizoea kwake, "Hongera, wifi. Nisamehe utani."

"Utani gani? Si kweli tunarusha maputo?"

Shangazi akanipa kifuniko. "Mwandaaji ndiye anayetia." Nikakitia. Kiligonga kioo, kikateleza juu ya wenzake, kikapata pa kukaa.

Shehena mpya ilifika, nasi tukarusha tena Jumatano iliyofuata, Kimya na mimi na msichana mgeni kwenye mashine ya kupokea. Bahari ilikuwa shwari. Nilivaa koti lilelile, ila mama alikuwa ameikata mikono yake na kuishona upya mpaka usawa wa kifundo cha mkono. Nililikumbatia boksi, nikaita betri, nikaita redio, nikaita pampu. Halafu nikachomoa, nikainua mkono juu kadiri ulivyofika.

"Kifuniko!"

Kimya aliruka, karibu aachie shingo ya puto. "Loo, Spika, taratibu! Utalipasua hapahapa chini!"